Uliza Safari: Vila au apatimenti kisiwani Malta?

Miezi hii maswali mengi yanayonifikia yanahusu Malta. Sijui nani kaanza kukisifia kisiwa hiki hapa Dodoma ila watu wanakitaka, wengine kwa likizo ya shule ya mwezi wa sita, wengine kwa fungate, na karibu wote wanauliza nyumba, tukodi vila au apatimenti, na tukodi sehemu gani. Nimechukua maswali matano. Kazi yangu ni kupangia watu safari na huko nimewahi kukaa, kwahiyo pale penye mengi nitasema mengi, na pale penye machache nitapita haraka.

*Shikamoo mama. Naishi Ilazo, nina watoto watatu, mkubwa ana miaka 11 na wa mwisho minne. Tumejipanga na mume wangu twende Malta shule zikifungwa mwezi wa sita, na tunaenda na mama mkwe ambaye magoti yanamsumbua, jumla sita. Nimeona mtandaoni nyumba ya mawe ipo Gozo, ina bwawa lake, picha zake nzuri mno hadi nimezionyesha kazini. Mume wangu yeye kaona apatimenti Sliema inayoangalia bahari, bei zinakaribiana. Tumebishana wiki nzima. Tuchague ipi?*
*Mama Watatu, Ilazo*

Marahaba mwanangu. Mimi ningeziacha zote mbili, na nakuomba usome hadi mwisho kabla hujanikasirikia.

Kwanza uijue nchi yenyewe. Malta ni visiwa, vikubwa ni viwili, Malta yenyewe na Gozo, alafu katikati kuna kadogo kanaitwa Comino. Vyote kwa pamoja ni kilometa za mraba 316 tu wakati Jiji letu la Dodoma peke yake linapita 2,500. Sasa mtu akisikia hivyo anasema basi popote nitakapokaa ni karibu, nachagua nyumba kwa uzuri wa picha. Hapo ndo wengi wanapotea. Nchi ndogo, watu wengi, magari mengi, barabara nyembamba, kwahiyo kilometa kumi zinaweza kukula saa nzima ya joto na watoto wanalia nyuma. Nyumba ya likizo inachaguliwa kwa miguu, yani jiulize asubuhi mkitoka mlangoni miguu ya mtoto wa miaka minne na miguu ya bibi yake itafika wapi bila gari. Ukishajua hilo ndo uanze kuangalia bwawa na mapazia.

Ile nyumba ya Gozo naijua ilivyo hata bila kuiona, maana nyingi za aina ile zinafanana. Ni nyumba za zamani za wakulima, zimejengwa kwa mawe ya chokaa ya rangi ya asali, kuta nene, matao, kwakweli zinapendeza. Ila sebule na jiko vinakuwa chini na vyumba vya kulala juu, na ngazi ni za mawe, nyembamba, nyingine zinazunguka, na wala hazina pa kushika vizuri. Mama mkwe wako atapanda vile kila usiku? Na bwawa mara nyingi lipo hatua chache tu kutoka mlango wa jiko na halina uzio. Mwenye mtoto wa miaka minne asikubali bwawa lisilo na uzio hata kwa ofa ya bure, hili silegezi. Wewe utakuwa jikoni unapika, baba yupo kwenye simu, mkubwa amefungua mlango kaacha wazi, basi. Likizo yote mtakuwa mnalinda mlango kwa zamu.

Kuna na jambo la kiyoyozi. Nyumba nyingi za Gozo bei unayoiona haina umeme wa kiyoyozi ndani yake, kinahesabiwa kwa mita au kwa sarafu unazotumbukiza, ni kama LUKU tu, ikiisha umelala na joto. Mwezi wa sita Malta mchana inafika nyuzi 28 na zaidi, na ni joto lenye unyevu wa bahari, sio hili letu kavu ambalo jioni upepo unalifukuza. Uliza mapema kiyoyozi kimo kwenye bei au hakimo, na kipo vyumba vyote au sebuleni tu.

Sliema ya mume wako nayo nasema hapana, ingawa ni mji mzuri wenye maduka na feri ya kuvuka kwenda Valletta, mji mkuu wa nchi. Tatizo ni kwamba ufukwe wake ni miamba. Watu wazima wanashuka baharini kwa ngazi za chuma zilizofungwa kwenye mwamba, wanaogelea, wanapanda, wanaanika mgongo. Mtoto wa miaka minne anataka mchanga na maji ya kufika magotini. Alafu Sliema na St Julian's ni sehemu zinazojengwa kila siku, unaweza kulipia bahari ukaamshwa na mashine za fundi wa jengo la jirani saa moja asubuhi. Na hayo maneno "inaangalia bahari" myapime, kuna apatimenti inaangalia bahari mbele yake kabisa na kuna nyingine unaiona ukisimama kwenye kona ya baraza ukageuza shingo. Mwenye nyumba akitumiwa meseji atume picha aliyopiga akiwa amekaa kwenye kiti cha sebuleni, atatuma kama ni ya kweli.

Sasa nawashauri Mellieħa, kaskazini mwa kisiwa kikubwa. Pale kuna ufukwe unaitwa Għadira, ndo ufukwe mrefu wa mchanga kuliko yote ya nchi ile, na maji yake ni ya kina kifupi hadi mbali, watoto wanatembea ndani ya maji bila wewe kushika moyo. Ila angalizo kubwa, Mellieħa yenyewe ipo juu ya kilima na ufukwe upo chini, na matangazo yote yanaandika Mellieħa tu. Apatimenti ya juu ina maduka na kanisa karibu lakini kurudi kutoka baharini ni mpando mkali ambao mama mkwe hatauweza. Kwahiyo fungua ramani, weka anwani kamili, uone inatua juu au chini. Kama haonyeshi anwani muulize kwa maneno haya haya, kutoka mlangoni hadi mchangani ni dakika ngapi na kuna mpando? Na kama ni ya juu basi iwe na lifti na kituo cha basi kiwe jirani.

Apatimenti ya vyumba vitatu, ghorofa ya chini au yenye lifti, jiko la kweli sio kona yenye birika, mashine ya kufulia maana watoto watatu na mchanga mnaujua. Vyoo viwili. Hiyo ndo nyumba yenu. Bwawa la pamoja kama lipo chini ya jengo sawa, kama halipo bahari ipo.

Na Gozo mtaiona, usihuzunike. Feri zinaondoka Ċirkewwa, jirani kabisa na Mellieħa, mnavuka kwa dakika kama 25 na nauli mnalipa wakati wa kurudi. Nendeni asubuhi mrudi jioni, mwone Ġgantija, mahekalu ya mawe yaliyojengwa kabla hata ya mapiramidi ya Misri, na ufukwe wa Ramla wenye mchanga mwekundu mwekundu hivi.

Kwa mama mkwe ongeza hili. Malta ndo ile Melita ya Matendo ya Mitume sura ya 28, jahazi la Mtume Paulo lilipovunjika na nyoka akamng'ang'ania mkononi. Ghuba inayoitwa kwa jina la Mtakatifu Paulo haipo mbali na Mellieħa, na vile visiwa vidogo ambavyo mapokeo yanasema ndipo walipoangukia unaviona ukiwa nchi kavu, umekaa zako kwenye benchi. Mpelekeni jioni jua likipungua. Kwa mama wa umri wake aliyeisoma habari hiyo maisha yake yote, hiyo siku ni kubwa kuliko bwawa lolote.

*Habari ya kazi. Mimi ni mwalimu Singida. Nimepata apatimenti nzuri Malta kwa bei ya chini sana lakini masharti ni kulipa yote sasa na hairudishwi. Nilipe nyumba kwanza au niombe viza kwanza? Naogopa nikisubiri itachukuliwa.*
*Mwalimu, Singida*

Nzuri mwalimu. Usilipe hiyo. Iache ichukuliwe.

Malta ipo Schengen, yani lile kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, tangu mwisho wa mwaka 2007, na kwa pasipoti yetu lazima viza. Ubalozi unataka uthibitisho wa mahali utakapolala, kwahiyo nyumba unaishika kabla ya viza, huo ndo ukweli, ila unaishika kwa masharti ya kufuta bure hadi siku chache kabla ya kufika. Itakuwa ghali kidogo kuliko ile ya hairudishwi. Hiyo tofauti ndo bei ya usingizi wako, maana viza ikikataliwa au ikichelewa hakuna mwenye nyumba atakayekuonea huruma, na masharti uliyabonyeza mwenyewe. Nimeona familia ikila hasara ya namna hiyo, hela yote ya mavuno ya alizeti.

Ombi linapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na lisipungue siku 15 kabla, mimi nasema peleka mapema sana. Ada tangu Juni 2024 ni euro 90 kwa mtu mzima, watoto wa miaka 6 hadi chini ya 12 ni euro 45, chini ya hapo hawalipi. Bima ya safari isiwe chini ya euro 30,000. Na ombi linapelekwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, kama usiku wote ni Malta basi ni viza ya Malta, usibuku nyumba Malta ukaombea nchi nyingine kwa sababu jirani yako alipata haraka. Karatasi ya nyumba iwe na majina ya wote wanaosafiri vilevile yalivyo kwenye pasipoti, na tarehe zifanane na za tiketi. Mambo madogo haya ndo yanayorudisha faili.

Na hiyo bei ya chini sana inanipa wasiwasi mwingine. Nyumba za kukodisha wageni Malta zinatakiwa ziwe na leseni ya Malta Tourism Authority, mwombe namba ya leseni. Chukua picha zake uzitafute mtandaoni, kama zinatokea kwenye nyumba nyingine Uhispania basi ujue. Na yeyote anayekuambia mtoke kwenye tovuti mliyokutana umtumie hela moja kwa moja ili akupunguzie, kimbia. Ukishalipa nje ya tovuti huna wa kumlalamikia, wala huwezi kutoka Singida ukaenda kumgongea mlango.

*Mama shikamoo, sisi ni kikoba cha wanawake 12 hapa Dodoma, tumeweka akiba miaka na sasa tumesema twende mahali tujipongeze. Tunataka vila moja Gozo wote tukae pamoja tupike tucheze, tumeona imeandikwa inalala watu 12. Tunawaza mwezi wa nane katikati. Unatushauri nini?*
*Katibu wa kikoba, Area C*

Marahaba katibu, na hongereni sana, wanawake kuweka hela hadi mkavuka bahari pamoja ni jambo la kupigiwa vigelegele. Kwenu ninyi Gozo ndiyo, na nyumba ya mawe yenye bwawa ndiyo.

Lakini sio katikati ya mwezi wa nane. Tarehe 15 Agosti ni sikukuu ya Santa Marija na nusu ya Malta inahamia Gozo, foleni ya feri ni ya masaa, bei zinapaa na nyumba zilizobaki ni zile zilizoachwa. Nendeni mwanzoni mwa Juni au Septemba. Septemba bahari bado ya moto, watu wameanza kupungua. Na mjue majira yote ya kiangazi vijiji vya huko vinapokezana sikukuu za watakatifu wao, kuna bendi, taa, na fataki zinapigwa hadi mchana kweupe. Ni raha kubwa kuziona na ninyi mtazipenda, ila mzee anayetaka kulala mchana asipange nyumba karibu na kanisa wiki hiyo.

"Inalala 12" hesabuni vitanda sio watu. Mara nyingi ni vyumba vitano, vitanda vikubwa vya kulala wawili wawili, alafu kochi la kukunjua sebuleni linahesabiwa watu wawili. Nani atalala sebuleni wakati wengine wanapiga stori hadi saa saba usiku? Na vyoo ndo vya kuuliza kabla ya vyote, wanawake 12 wanaojiandaa kutoka saa moja na vyoo viwili, kikoba kinavunjika. Msikubali chini ya vinne. Kama vila ya namna hiyo haipatikani kwa hela yenu chukueni nyumba mbili zilizopakana, zipo, kuna wenye nyumba wanajenga tatu nne kwa mstari na wanazikodisha zote.

Semeni idadi ya kweli. Leseni ya nyumba ina idadi ya wageni, mkiandika kumi mkafika 12 mnaweza kuzuiwa mlangoni na mtakuwa na makosa ninyi. Ulizeni sheria ya makelele maana kuta zinagusana na jirani na muziki wa nje usiku wengi hawaruhusu. Dipoziti ya vitu kuvunjika ni kiasi gani, na inarudi lini. Ada ya usafi. Pia kuna mchango wa mazingira ambao mgeni mtu mzima analipia kila usiku, ulianza 2016 kwa senti 50 za euro usizidi euro 5 kwa mkao mmoja, muulizeni mwenye nyumba kiwango cha sasa. Kila kitu kikishajulikana ndo mgawanye kwa 12, muandike kwenye daftari lenu la kikoba wote wasaini, na kadi itakayolipa iwe ya mtu mmoja mwenye uhakika kwamba benki yake imemfungulia malipo ya mtandaoni na kiwango cha siku kinatosha, aende benki aulize, asisubiri kadi ikataliwe saa nne usiku.

Kijiji? Kama hamkodi magari kaeni Xagħra au karibu na Victoria, mji mkuu wa Gozo, maana mabasi ya Gozo yanaanzia Victoria. Għarb na San Lawrenz ni vijiji vitulivu vizuri sana lakini vipo mwisho wa kisiwa.

*Assalam alaikum. Nafunga ndoa hivi karibuni, nataka kumpeleka mke wangu fungate Malta kama wiki mbili. Tunahitaji sehemu ya yeye kuogelea kwa stara, chakula cha halali, na mimi nipate Ijumaa. Inawezekana?*
*Kijana wa Kondoa*

Waalaikum salaam, Mungu aibariki ndoa yenu. Inawezekana vizuri kabisa.

Msikiti upo Paola, mji wa karibu na Valletta, unaitwa Mariam al-Batool. Jirani na Paola kuna mji wa kale ukingoni mwa bandari kuu unaitwa Birgu, vichochoro vya mawe, utulivu, na boti za kuvusha watu hadi Valletta. Kaeni wiki ya kwanza hapo kwenye apatimenti ndogo yenye jiko. Jiko kwenu ni la lazima, mahoteli ya kule nguruwe ipo sana na sungura ndo chakula chao cha sifa, na aliyemchinja humjui. Bucha za halali zipo upande wa mijini, mnanunua, mnapika pilau yenu, na samaki wapo tele.

Wiki ya pili vukeni Gozo, kanyumba kadogo chenye bwawa ndani ya ua. Hapa muwe wakali. Ua kuwa na ukuta haitoshi, nyumba za kule zinabanana na jirani ana dari lake la kuanikia nguo, anaona chini kote. Muulize mwenye nyumba hivi, je kuna dirisha, dari au baraza lolote la jirani linaloona bwawa? Akuletee video akiwa amesimama ndani ya bwawa au ukingoni anageuka pande zote. Wengi wanakubali. Ijumaa ikifika kuna boti ya kasi tangu 2021 inatoka Mġarr, bandari ya Gozo, hadi Valletta kwa dakika kama 45, kutoka hapo unachukua basi la Paola.

Na kama ni mwezi wa sita, magharibi inaingia saa mbili na zaidi usiku kwa saa za kule, isha baadaye sana, pangeni usingizi wenu.

*Je naweza kuendesha gari Malta? Mimi ni dereva mzuri.*
*Msomaji, Mpwapwa*

Unaweza, wanaendesha kushoto kama sisi, hata plagi zao za ukutani ni zile zile za pini tatu bapa kama zetu, na Kiingereza ni lugha rasmi pamoja na Kimalta. Chukua kibali cha kimataifa cha udereva kabla hujaondoka. Ila makampuni mengi ya kukodisha magari yanataka kadi ya mkopo ya kuzuilia dipoziti, hizi kadi zetu za kawaida za benki wengi wanazikataa au wanakulazimisha bima ya bei kubwa, waandikie kabla. Na kwenye nyumba utakayokodi uliza kama ina gereji au maegesho yake, ukiambiwa "unaegesha mtaani" basi tazama huo mtaa kwenye picha za ramani kwanza, mingine gari ikipita vioo vya pembeni inabidi uvikunje.